Valvu janja za bei nafuu kwenye rejeta za nyumbani: dalili, vyanzo na marekebisho

Valvu janja ya rejeta, yaani ya lile bamba la chuma linalopitisha maji ya moto ili kupasha chumba joto, ni kifaa kidogo chenye mota, betri, kihisi cha halijoto na redio, kinachofungwa mahali pa kile kichwa cha zamani kilichozungushwa kwa mkono. Kazi ya kichwa hiki kipya ni moja tu: kusukuma pini ndogo ya chuma iliyo kwenye mwili wa valvu ili njia ya maji ya moto izibe, au kuiachia ili springi iirudishe nje na maji yapite. Haichemshi maji, haiyasukumi, na mara nyingi haina njia yoyote ya kuiarifu boila, mtambo unaopasha maji hayo, kwamba chumba fulani kina baridi. Nalitanguliza hili kwa sababu valvu nyingi za bei nafuu hurudishwa dukani zikiwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa kwenye pini iliyoganda, au mahali kihisi kinapopimia, au kwenye boila iliyokwisha kuzimwa na themostati (kidhibiti joto) ya chumba kingine.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua programu ya simu, nenda ukashike mabomba. Yaguse kwa kifupi na kwa uangalifu, kwa kuwa maji ya mfumo huu yanaweza kuwa na nyuzi 60 au 70 za Selsiasi. Bomba linaloingia likiwa la moto na rejeta ikiwa baridi, tatizo liko kwenye valvu au ndani ya rejeta yenyewe. Mabomba yote mawili yakiwa baridi, tazama kwanza kama boila inawaka na pampu inazunguka. Rejeta ikiwa ya moto kisha ikapoa kabla chumba hakijapata joto, karibu kila mara valvu inapima joto lake yenyewe na si la chumba. Kipimo hiki cha mkono huchukua dakika moja na hupunguza uwezekano kuliko skrini yoyote.

Programu inasema valvu iko wazi, lakini rejeta ni baridi

Dalili hii hujitokeza zaidi mwanzoni mwa majira ya baridi, baada ya valvu kukaa imefungwa kwa miezi kadhaa. Mpira ulio ndani hugandamana na kiti chake, au chokaa na kutu hukamata pini, na springi hukosa nguvu za kuirudisha. Mota hairudishi pini nje. Inajua kusukuma tu, kisha hujiondoa na kuiachia springi kazi iliyobaki. Ndiyo maana skrini huonyesha kwamba valvu imefunguka kwa asilimia 100 ilhali hakuna tone linalopita.

Weka kichwa katika hali ya kupachikwa au kutolewa kwenye mwili wa valvu kama kijitabu chake kinavyoeleza, ili mota ijirudishe nyuma, kisha legeza nati yake na ukitoe. Usiogope maji, kwa kuwa kichwa hakigusani nayo kabisa. Mwili wa valvu hubaki umezibwa. Utaona pini imechomoza milimita chache. Ibonyeze kwa kitu bapa na kigumu, kama sarafu au mpini wa kijiko. Pini nzima huingia kwa ukinzani na hurudi yenyewe mara tu unapoiachia. Ikikaa ndani bila kurudi, gonga mwili wa valvu taratibu ubavuni kwa kipande cha mbao, tia tone la mafuta ya silikoni kwenye shina la pini, kisha ibonyeze na kuiachia mara nyingi kwa mwendo mfupi hadi ilegee.

Usiivute pini kwa koleo. Katika baadhi ya valvu pini inaweza kuchomoka, na kinachoifuata ni maji ya moto yenye shinikizo, chumbani, juu ya sakafu na mikono yako. Pini isipolegea kwa njia ya upole, mwite fundi abadilishe kiini cha valvu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya mafuriko ndani ya nyumba.

Vichwa vingi vina zoezi la kila wiki ambapo mota huifunga na kuifungua valvu mara moja ili isigande. Hakikisha halijazimwa, na wakati wa joto acha valvu ikiwa wazi kabisa badala ya kuifunga. Boila haitawaka, kwa hiyo hupotezi chochote, na mpira hautakaa umebanwa miezi mizima.

Ikiwa pini inacheza vizuri na bado rejeta haipati moto, chunguza baridi iko sehemu gani. Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, kuna hewa. Ifungulie njia kwenye skrubu ya hewa ya rejeta kwa ufunguo wake hadi maji yatoke bila kukoroma, kisha utazame geji ya boila, ambayo katika mifumo mingi ya nyumbani husomeka kati ya bari 1 na 1.5 maji yakiwa yamepoa, na uongeze maji ikiwa shinikizo limeshuka. Ikiwa katikati ya sehemu ya chini ni baridi na juu ni moto, kuna tope jeusi la kutu lililotulia ndani, na hapo kinachohitajika ni kuisafisha rejeta. Ikiwa rejeta nzima ina uvuguvugu tu wakati zile zilizo karibu na boila zinaunguza, mfumo haujasawazishwa: maji hufuata njia nyepesi, na valvu ya upande wa pili wa zile rejeta zenye bahati inapaswa kubanwa kidogo kidogo ili nyingine zipate sehemu yao. Hakuna programu ya simu inayoweza kuifanya kazi hii kwa niaba yako.

Valvu imefungwa, lakini rejeta haipoi

Hapa mshukiwa wa kwanza ni adapta, kipande kinachounganisha kichwa na mwili wa valvu. Valvu nyingi hutumia hesi ya M30 × 1.5, yaani kipenyo cha milimita 30 na milimita 1.5 kati ya mzingo na mzingo, na vichwa vya bei nafuu hutengenezwa kwa kipimo hicho. Miili ya kampuni ya Danfoss ya aina za RA, RAV na RAVL ina mfungo wake, na kila aina inataka adapta yake. Adapta za plastiki zinazokuja kwenye boksi hufanana sana kwa macho, lakini adapta isiyo yake huacha nafasi ya milimita moja au mbili, na nafasi hiyo inatosha kuifanya pini isifike mwisho wa safari. Baadhi huhitaji pia kipande kidogo cha kurefusha pini, ambacho ni rahisi kukisahau ndani ya kifuko.

Ili kujua kosa ni la nani, toa kichwa na uishikilie pini ikiwa imebonyezwa kabisa kwa kutumia kile kifuniko cha plastiki cha kufungia kwa mkono, ikiwa valvu yako ilikuja nacho. Rejeta ikianza kupoa, mwili wa valvu ni mzima na kosa liko kwenye kichwa au adapta. Ikiendelea kuwa ya moto baada ya saa moja, kuna uchafu kwenye kiti cha valvu au mpira umekwisha, na kichwa chochote utakachoweka, hata cha bei ya juu, hakitasaidia.

Mshukiwa wa pili ni upimaji wa mwendo wa pini. Kila kichwa, mara tu kinapofungwa, husukuma pini hadi mwisho na kujifunza mahali pa kuanzia na pa kukomea. Watu wengi hutia betri, huona alama ikimeta, na kubonyeza kitufe kabla hawajakaza nati; kichwa hujifunza safari isiyokuwepo, na tangu siku hiyo hufunga hewani. Toa betri, legeza, kaza nati kwa mkono mpaka kichwa kisitikisike, rudisha betri, kisha anzisha upimaji upya. Adapta ya plastiki ikipinda wakati mota inasukuma, tafuta ya shaba.

Kuna pia hali mbili zisizo hitilafu. Kinga ya baridi kali hufungua valvu chumba kikishuka hadi karibu nyuzi 5, hata kama umeizima, na inafanya hivyo ili mabomba yasigande. Na betri zikiisha ghafla, vichwa vingi vya bei nafuu hubaki pale vilipokuwa. Kilichofia katika hali ya kufunguka kitakipasha chumba usiku kucha.

Valvu inasoma nyuzi 21, chumba kina 18

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na chanzo chake kimo katika umbo la kifaa. Kihisi kimo ndani ya kichwa, sentimita chache kutoka kwenye chuma cha moto, mara nyingi nyuma ya pazia au chini ya kingo ya dirisha. Rejeta inapoanza kupata moto, hewa inayokizunguka kichwa hupata joto mapema kuliko hewa ya pale unapoketi, na valvu hufunga kazi ikiwa bado nusu. Valvu za bei kubwa hujaribu kukisia tofauti hiyo kwa hesabu. Za bei nafuu mara nyingi hukuachia wewe.

Anza kwa kuondoa kinachozuia hewa. Inua pazia lisikifunike kichwa, sogeza kochi, na kama rejeta imefunikwa kwa sanduku la mapambo, fahamu kwamba kihisi kilicho ndani ya sanduku hilo hakitawahi kujua hali ya chumba. Kisha weka kipimajoto katikati ya chumba, kimo cha mita moja hadi moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na jua na taa. Subiri saa kadhaa mpaka chumba kitulie, yaani mpaka rejeta iwe na uvuguvugu wa kudumu, si wakati inapowaka kwa nguvu asubuhi. Linganisha namba mbili. Kipimajoto kikisema 18.5 na valvu ikisema 21, ingiza marekebisho ya −2.5 kwenye mpangilio wa kihisi. Angalia alama ya kutoa kwa makini, kwa sababu anayeingiza +2.5 kwa bahati mbaya hupata chumba cha baridi zaidi na huhitimisha kwamba kifaa ni kibovu. Programu nyingine hukubali nyuzi kamili tu. Hapo ingiza −2 na upandishe lengo kwa nusu uzi.

Hata hivyo marekebisho haya si dawa kamili. Tofauti kati ya kichwa na chumba haikai sawa: ni kubwa rejeta ikiunguza, na karibu inatoweka rejeta ikipoa. Namba moja haiwezi kufaa hali zote mbili. Suluhisho bora zaidi ninalolijua ni kihisi cha pekee, kidogo, cha betri, kilichowekwa ukutani mbali na rejeta, ambacho usomaji wake hupelekwa kwa valvu na kuchukuliwa badala ya wake. Mifumo ya wazi kama Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa janja vya nyumbani, pamoja na Zigbee2MQTT, inayoiunganisha na vifaa vya redio ya Zigbee, huwezesha jambo hili kwa aina kadhaa za vichwa vya bei nafuu, ingawa si zote, na inafaa kulithibitisha kabla ya kununua. Weka pia kanuni ya dharura: kihisi kikikaa kimya kwa muda mrefu, valvu irudi kwenye kihisi chake cha ndani, la sivyo itaendelea kuamini namba ya jana.

Ikiwa valvu hufunga ghafla mchana wakati kila kitu kiko sawa, kagua utambuzi wa dirisha lililo wazi. Kifaa hakioni dirisha. Huona halijoto ikishuka kwa haraka na hukisia. Mlango unaofunguliwa na kuingiza upepo wa baridi sakafuni hutosha kukidanganya. Punguza wepesi wake au uzime kabisa.

Valvu iko wazi, pini ni nzima, mabomba ni baridi

Sasa tumefika kwenye kosa la mpango mzima, na ndilo linalowavunja moyo wengi wanaotaka kila chumba kiwe na joto lake. Katika nyumba nyingi boila hutii themostati moja, mara nyingi iliyo ukumbini au sebuleni. Ukumbi ukifika nyuzi 20, themostati huizima boila. Chumba cha kulala kilicho upande wa kivuli kinataka 21, valvu yake imefunguka kabisa, lakini hakuna maji ya moto ya kuyapitisha. Mlango umefunguliwa na mgeni hayupo.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote: usiweke valvu janja kwenye rejeta ya chumba chenye themostati kuu. Mbili hizo zikiwa pamoja, valvu ikifunga kwa 20 na themostati ikisubiri 21, boila itawaka bila kikomo. Na zikipishana upande wa pili, nyumba nzima itapoa kwa sababu ya chumba kimoja. Acha rejeta hiyo wazi, kisha ipunguze kidogo kwa valvu yake ya upande wa pili ili ukumbi uwe wa mwisho kufika lengo, na vyumba vingine vidhibitiwe na valvu zao.

Hatua ya pili ni kuiwezesha boila kusikiliza vyumba. Relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayotawaliwa na kituo cha mawasiliano cha valvu huiwasha boila ikiwa chumba chochote kinahitaji joto, na huizima vyote vikitosheka. Weka muda wa chini wa kuwaka na wa kupumzika, dakika kumi kwa mfano, ili chumba kimoja kidogo kisiifanye boila iwake na kuzima mfululizo. Vituo vya nyaya kwenye boila vinaweza kuwa na umeme wa gridi. Kazi ya kuunganisha relei mpe mtu mwenye ujuzi na idhini.

Upande wa pili wa sarafu ni vyumba vyote vikifunga kwa wakati mmoja huku pampu ikiendelea kusukuma. Maji hayana pa kwenda, mabomba huanza kuvuma, na boila hupanda joto haraka na kujizima. Kama mfumo hauna valvu ya mchepuko inayofunguka shinikizo likizidi, acha rejeta moja bila kichwa chochote, ikiwa wazi daima. Kwa kawaida huchaguliwa ya bafuni.

Wenye pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje) badala ya boila wapaswa kuwa waangalifu zaidi. Pampu hiyo hufanya kazi kwa nafuu maji yanapokuwa ya uvuguvugu na yanapozunguka kwa wingi. Ukifunga nusu ya vyumba, rejeta zilizobaki hulazimika kubeba mzigo wote, maji hupandishwa joto, na umeme uliotegemea kuuokoa unaweza kuishia hapo. Katika mfumo wa namna hiyo ningeacha vyumba vingi wazi na kuzitumia valvu kuzuia tu chumba kinachopigwa na jua kisizidi kiasi.

Kelele

Mlio mfupi wa gia ni wa kawaida, lakini usiku husumbua. Mara nyingi husababishwa na amri nyingi mno: programu inayorekebisha lengo kila dakika huifanya mota izunguke kila dakika. Panua mwanya unaoruhusiwa kati ya halijoto na lengo hadi karibu nusu uzi, na chumba cha kulala kiwe na lengo moja usiku kucha.

Mgongano mzito, kama nyundo bombani, unapotokea valvu ikikaribia kufunga, humaanisha mara nyingi kwamba maji yanapita kinyume cha mshale uliochorwa kwenye mwili wa valvu. Vichwa vya zamani vilifunga polepole na huenda vililificha kosa hilo la ufungaji. Mlio wa kufoka, kwa upande mwingine, huashiria pampu iliyowekwa kasi kubwa kuliko inavyohitajika. Ishushe hatua moja usikilize.

Valvu hupotea mtandaoni na betri huisha mapema

Vichwa vingi vya bei nafuu hutumia Zigbee kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi. Kifaa cha betri hakipokezi ujumbe wa wenzake. Kazi hiyo hufanywa na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme, kama vile soketi janja. Rejeta ni bamba la chuma na hukinga mawimbi, hivyo soketi janja moja kati ya kituo na chumba cha mbali hutibu zaidi kuliko kuunganisha valvu upya mara kumi. Kama redio ya kituo imechomekwa kwenye kompyuta, itoe kwenye tundu la USB 3.0, ambalo hutoa mwingiliano katika masafa hayo, na uitumie kwa waya wa kurefusha. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26. Chaneli 25 iko nje ya eneo la chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi, ila kubadili chaneli kunaweza kukulazimu kuunganisha vifaa upya. Amri kuchelewa kidogo si kosa, kwani valvu hulala ili kuhifadhi betri na hupokea ujumbe inapoamka.

Betri za kuchajiwa za nikeli zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kichwa hulalamika kuwa zimeisha zikiwa zimejaa, na wakati mwingine mota hukosa nguvu ya kumaliza kufunga. Tumia alkali mpya, zote mbili za aina moja na umri mmoja. Za lithiamu zisizochajiwa hudumu, ila volti yake hukaa juu na kuporomoka mwishoni, hivyo asilimia inayoonyeshwa haitakuonya kwa wakati. Betri zikiisha baada ya wiki chache tu, rudi kwenye pini: mota inayopambana na pini ngumu hula umeme kuliko redio.

Ratiba ikikosea kwa saa moja, tazama saa ya kituo na eneo lake la majira. Na ratiba iwe mahali pamoja tu, ama ndani ya valvu ama kwenye kituo.

Ukuta wenye unyevu katika chumba kilichopunguzwa joto

Kushusha chumba kisichotumika hadi nyuzi 12 huonekana kama akiba, lakini mvuke wa jikoni na bafuni huingia humo kupitia mlango ulio wazi na kugeuka maji kwenye kuta za baridi, kisha kuvu hufuata pembeni na nyuma ya kabati. Kiache katika nyuzi 16 hivi, mlango ukiwa umefungwa, na ukipishe hewa kila siku.

Ukishindwa kuamua, badilishana vichwa

Toa kichwa kinachoshukiwa, kifunge kwenye rejeta inayofanya kazi vizuri ikiwa hesi zao zinalingana, na kile kizuri kikilete hapa. Anzisha upimaji wa pini kwa vyote viwili, uviache siku nzima vikiwa na lengo moja. Tatizo likihamia chumba kipya, kichwa ndicho kibovu na unaweza kukirudisha kwa muuzaji ukiwa na hakika. Likibaki pale pale, chanzo kiko kwenye pini, rejeta au mabomba, na fundi utakayemwita mwambie ulishajaribu kubadilishana vichwa, ili asianze kwa kukuuzia kingine.